Jinsi nilivyoondoa foleni ya malori kwenye kinu chetu cha unga, Lubumbashi

Kwa miezi mingi malori yaliyokuja kuchukua unga wa mahindi kiwandani kwetu hapa Lubumbashi yalilala nje ya lango, wengine wakilaumu kinu kuwa ni kidogo, wengine wakilaumu mahindi ya Zambia yanayochelewa mpakani Kasumbalesa. Kabla ya kumshauri mwenye kiwanda anunue kinu cha pili, nilisimama zamu nzima nikiwa na saa mkononi, nikaandika muda wa kila hatua.

Niliyoyaona yalinishangaza. Kinu kilizimwa mara kwa mara kwa sababu tangi la kupokelea unga lilikuwa limejaa, huku kijana mmoja akipima mfuko wa kilo 25, akiuburuta hadi kwenye mashine ya kushonea, akiushona, kisha akiubeba mwenyewe hadi kwenye rundo. Uzi ulipokatika, kiwanda kizima kilimsubiri.

Niligawa kazi hiyo kwa watu watatu, nikasogeza mizani ikae ubavuni mwa mashine ya kushonea, na nikataka sindano na uzi wa akiba viwekwe pale pale. Vilevile tulianza kuyapangia malori saa za kufika, jambo lililohitaji subira, maana madereva walikuwa wamezoea kuwahi alfajiri. Kasi ya kinu hatukuigusa hata kidogo, kwani kusaga haraka zaidi wakati ushonaji umekwama ni kurundika unga tu. Katika wiki ya pili, lori la mwisho lilitoka kabla jua halijazama.