Jinsi nilivyokizoea Kiingereza cha mazungumzo

Kiingereza cha darasani nilikimudu, lakini cha wenzangu kazini Uingereza kilinipiga chenga. Mtu anauliza "Seen my keys?" na mwanzo wa sentensi haupo! Dawa ikawa kurudisha kimoyomoyo kilichomezwa: "Have you". Kinachomezwa mara nyingi ni kiima na kitenzi kisaidizi, pale mwanzoni tu.

Vitenzi vya maneno mawili matatu vilinitesa zaidi. "Put off" ni kuahirisha, "put up with" ni kuvumilia. Kulijua "put" peke yake hakukusaidii. Nikaacha kukariri orodha, nikawa naandika sentensi nzima niliyoisikia, kwa sababu orodha haionyeshi "it" inakaa wapi: husemwa "turn it off" (kizime), kamwe si "turn off it". Sasa nikipigiwa simu ya zamu naelewa bila kuomba irudiwe.