Nilivyomtembeza mama mkwe Skipton bila gari

Tunaishi Leeds na hatuna gari. Mama mkwe alipokuja kutoka Tanga, magoti yalikuwa yanamsumbua. Ngazi mbili tatu tu anatafuta pa kukaa. Wengi wetu huku tukipata mgeni tunamkimbiza London. Mimi nilitaka aione Uingereza ya mashambani, ya kondoo na kuta za mawe, na arudi nyumbani bado ana nguvu za kuongea. Nikachagua Skipton, mji wa soko ulio Yorkshire ya Kaskazini. Treni inatoka Leeds moja kwa moja, haichukui hata saa nzima, na ukishuka stesheni unatembea kidogo tu kufika mjini, tena njia ni tambarare.

Kitu cha kwanza kupanga ni siku. Soko hupangwa Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, meza zikiwa kandokando ya barabara kuu. Siku nyingine utakuta barabara nzuri yenye maduka, basi. Tulikwenda Jumamosi. Ruhusa ya mfalme ya kuwa na soko na gulio hapo inatajwa kuwa ya mwaka 1204, na hata leo watu wa vijijini wanakuja kununua mboga, nguo na jibini ya Wensleydale. Mama alikuwa hana haraka. Alisimama kila meza, akaonjeshwa jibini, akauliza bei ya kila kitu kupitia kwangu. Mgeni wa umri wake mpeni muda sokoni. Pale anaelewa kila kinachoendelea bila kuelezwa.

Kuhusu chakula, kwa Waislamu hasa: chipsi na samaki wa Yorkshire mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, siyo ya mimea. Uliza kabla hujaagiza. Sisi tulibeba chapati, mayai na chai kwenye chupa, tukala kwenye benchi kando ya mfereji.

Ngome iko mwisho wa barabara kuu, upande wa juu. Ilianzishwa na Robert de Romille, bwana wa Kinormani, mwaka 1090 hivi. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ilizingirwa miaka mitatu na jeshi la Bunge, ikajisalimisha Desemba 1645, ya mwisho kaskazini kati ya zile zilizokuwa upande wa mfalme. Baadaye paa lilibomolewa ili isitumike tena kivita. Aliyeisimamisha upya ni mwanamke, Lady Anne Clifford, na mti alioupanda uani mwaka 1659 bado upo, umepita mapaa. Watoto waliingia na baba yao wakazunguka vyumba vyote. Kiingilio kinalipwa, na ngazi za ndani ni za mawe, zimelika kwa kukanyagwa. Kwa Mama haikuwezekana.

Hapo ndipo mfereji uliponiokoa. Skipton iko kwenye mfereji wa Leeds na Liverpool, wenye urefu wa kilomita 204, uliokamilika 1816. Kuna tawi fupi lililochimbwa miaka ya 1770 kusafirisha mawe ya chokaa, nalo linapita chini kabisa ya ngome, nyuma yake. Msimu wa watalii boti ndogo hupeleka watu huko na kurudi kwa muda wa nusu saa hivi. Mama alikaa kwenye kiti chake, akainua macho, ngome yote ikawa juu yake: mwamba, ukuta, miti. Waliozunguka ndani hawakuuona upande huo. Kwangu mimi ndiyo sehemu bora ya mji.

Tulimalizia makumbusho ya Craven, ndani ya jengo la halmashauri. Hakuna kiingilio. Wana nakala ya toleo la kwanza la tamthilia za Shakespeare, lililochapwa 1623. Mama ni mwalimu mstaafu, na miaka yake ya shule aliisoma moja ya tamthilia hizo, Mabepari wa Venisi, kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Alikaa mbele ya kile kioo muda mrefu, akamweleza mjukuu wake habari za Shailoki na ile ratili ya nyama, kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani. Nilifurahi kupita kiasi.

Jumapili tulirudi kwa ajili ya Bolton Abbey. Kwanza teksi hadi Embsay, kijiji jirani, kisha treni ya moshi ya zamani (angalia kalenda yao, haitembei kila siku), na teksi tena kumalizia. Monasteri ilianzishwa 1154, ikafungwa enzi za Henry wa Nane. Nusu ni magofu. Nusu nyingine ina paa na watu wanasali humo mpaka leo. Watoto walivuka mto Wharfe kwa kurukaruka juu ya mawe yaliyopangwa, Mama akapita darajani. Mbele zaidi, mahali panapoitwa Strid, mto wote unabanwa kwenye mwanya mwembamba wa mwamba. Panaonekana parukika. Watu wamekufa pale. Mshike mtoto mkono.

Malham Cove tulimwachia mume wangu na kijana mkubwa. Ni jabali la chokaa lenye kimo cha mita 80 hivi. Njia ya kufika chini yake ni rahisi, ila kupanda juu kuna ngazi za mawe zinazokaribia 400. Mabasi kutoka Skipton ni machache sana, kwa hiyo andika saa ya basi la mwisho kabla hujaondoka mjini.