Dawa ya Pili ya Kifafa Huibadilisha ya Kwanza

Mdogo wangu ana kifafa tangu utotoni, na kwa miaka mingi alitumia fenobabitoni peke yake, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1912 ambayo bado ina bei nafuu kuliko nyingine nyingi. Kifafa kilipozidi kumwangusha, aliongezewa valproeti. Kuanguka kulipungua kweli, lakini baada ya wiki kadhaa alianza kusinzia mchana kutwa, akawa anayumba akitembea na kuvuta maneno, hata baadhi ya ndugu wakamwita mvivu, jambo lililonichoma moyo.

Valproeti huzuia ini lisiivunje fenobabitoni, hivyo kidonge kilekile anachomeza kila usiku hukaa mwilini zaidi na kiwango chake katika damu hupanda. Kwa kuwa fenobabitoni, hata ikiwa peke yake, huweza kuchukua takribani siku 4 kupungua nusu, mlundikano huo huja polepole, na ndiyo maana ni vigumu kuhusisha usingizi wa leo na dawa iliyoongezwa mwezi uliopita. Daktari aliipunguza ile ya zamani, mpya hakuigusa, na kijana akachangamka.

Mchanganyiko unaonitia hofu zaidi ni wa valproeti na lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa. Valproeti hurefusha takribani maradufu muda ambao lamotrijini hukaa mwilini, na dozi ikianza juu au ikipandishwa haraka, huweza kutokea upele mkali unaobabua ngozi, midomo na macho, ambao wakati mwingine huua. Kwa sababu hiyo mtu mzima anayetumia valproeti huanzishiwa lamotrijini miligramu 25 siku moja baada ya nyingine kwa wiki 2 za mwanzo. Upele wowote ukijitokeza katika kipindi hicho, mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Dawa za kifafa kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni huweza kufanya kinyume: huchochea ini kuziondoa haraka dawa nyingine, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango na dolutegravir wanayotumia watu wanaoishi na VVU. Mwanamke anayeandikiwa dawa hizi bila kuulizwa anapanga uzazi kwa njia gani hajatendewa haki.

Namsihi kila anayeuguza, mgonjwa wake anapoongezewa dawa, aulize kama dozi ya ile ya zamani ibaki ilivyo. Wala asimwachishe dawa yoyote ghafla kwa hofu, kwa maana kufanya hivyo huweza kuleta degedege lisilokatika.