Hora iliyopanda kilima

Uchoraji niliujifunzia Dar es Salaam, kwa rangi ya mafuta ya kung'aa: chui, mbuyu, ndege, kila kitu bapa bila kivuli. Kwa hiyo bibi mwenye nyumba ninayopanga huku Argeș, Romania, aliponiomba nimchoree hora ya arusi ya mjukuu wake, nikaona kazi ndogo hiyo. Kumbe!

Hora ni ngoma ya duara. Watu hushikana mikono usawa wa mabega, viwiko vimekunjwa, wakasogea mbele na kurudi nyuma kidogo huku fidla na akodioni zikiwachombeza.

Picha ya kwanza duara lilitoka kama sahani iliyotundikwa ukutani: wa mbali juu, wa karibu chini. Bibi akaikodolea macho. "Mamă, hawa wa nyuma mbona wamepanda kilima?" (Ndiyo, huku mwanamke mzima humwita kijana "mamă", kama mama zetu wanavyowaita watoto wao "baba". Lawama ya namna hiyo haiumi sana.)

Kwenye simu nilikuwa na nakala ya "Hora de la Aninoasa", aliyoichora Theodor Aman mwaka 1890. Niliitazama mpaka macho yakauma, nikaishia kuvunjika moyo tu. Aliyenifundisha ni uwanja wenyewe. Jumapili moja walipocheza tena, nikasimama nao kwenye ardhi tambarare, penseli nimeilaza mbele ya macho. Vichwa vyote, vya karibu na vya mbali, viko kwenye mstari mmoja! Kinachoshuka kwa walio karibu ni miguu. Basi nikaanza na miguu, kwenye duara lililobanwa kama yai lililolazwa.

Ikabaki migongo, maana wa mbele waliwaziba wenzao. Nilitaka kuwageuza, halafu nikaona ningeipoteza altiță, ile tarizi ya begani kwenye blauzi zao, ambayo ufundi wake uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2022. Nikaiacha migongo, ila nikawaachanisha wawili mikono, kijana anakuja kujipenyeza katikati yao. Kwenye mwanya huo ndipo nyuso za ng'ambo zikaonekana.

Bibi aligusa mgongo mmoja kwa kidole. "Huyu ni mimi."

Nilikuwa nimemchora jirani yake. Nikanyamaza.