Naenda Mafinga, na sukari ya bibi itapimwa na nani

Majina ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, yametoka na mimi nimepangiwa kambi ya Mafinga, 841 KJ, kule Mufindi mkoani Iringa. Ni yale mafunzo ya mujibu wa sheria ya sisi tuliomaliza kidato cha sita, miezi mitatu, sio ya kujitolea. Kusema kweli nilikua naombea Maramba maana ni hapahapa kwetu mkoa wa Tanga, wilaya ya Mkinga, au hata Mgambo upande wa Handeni, mama akitaka kuniona anapanda gari asubuhi jioni yuko nyumbani. Ikatoka Mafinga. Mama alisoma jina kwenye simu yangu akanirudishia simu bila kusema kitu akaenda kugeuza chapati, afu badae kabisa ndo akauliza, huko si kwenye baridi?

Ni kwenye baridi kweli, na mwezi wa sita na wa saba ndo yenyewe hasa. Sasa mtoto wa Ngamiani mimi, nimekulia barabara ya kumi na mbili, sweta nimeivaa ya shule tu na hiyo nilikua naivua saa nne jua likishakolea. Nimeenda kwenye mitumba kutafuta masweta na kwakweli kwa hilo Tanga ni neema, masweta mazito mazuri yanauzwa bei ya kutupa kwasababu hapa hayana mnunuzi, yule mama muuzaji aliniuliza mwanangu unaenda wapi na haya, nikamwambia Mafinga jeshini, akaniongezea soksi nene bure na dua juu.

Vitu vyenyewe vya kwenda navyo vimeandikwa kwenye tangazo na vingi ni vya kawaida, shuka mbili za bluu bahari, fulana ya kijani, raba, soksi nyeusi ndefu, traksuti. Kilichotusumbua ni bukta. Inatakiwa ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiwe na zipu, mfuko mmoja nyuma, ifike magotini, madukani unakuta ina mifuko mitatu au imeishia mapajani, ikabidi nipeleke kitambaa kwa fundi. Nilipoijaribu nyumbani bibi aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akasema na hiyo utaivaa mbele za watu? Mama alitaka kujibu nikamuwahi, nikamwambia bibi, ndo sare, tutakua tumeivaa wote na wenzangu wasichana kibao. Bibi akanyamaza, akaishika pindo kwa vidole akaikagua mshono, maana yeye zamani alikua anashona, akasema fundi ameshona vizuri lakini mpira huu ni dhaifu, hautafika mwezi. Kesho yake alimtuma mdogo wangu kununua mpira mwingine na akautia mwenyewe kwa mkono. Nikajua ameniruhusu.

Nywele nimefumua. Nilizisuka tu baada ya mtihani wa mwisho maana miaka yote ya shule unakata, na zimekaa kidogo tu, basi. Dada yangu wa kwa mama mkubwa alipita JKT na ndo mwalimu wangu kwenye haya yote, yeye ndo kaniambia kata mwenyewe nyumbani ukafike umeshajiandaa. Ndo aliyenifundisha pia maneno, kwamba ukifika wewe ni kuruta, unalala kwenye hanga na wenzio, kila mwenye cheo ni afande, mchakamchaka unaanza alfajiri na chenja mnaimba mkikimbia hata kama pumzi imeisha, na simu sahau. Hilo la simu ndo lililonikaa rohoni.

Kukimbia najifua. Natoka baada ya alfajiri nashika njia ya Bombo mpaka Raskazone nageuza. Baiskeli zinanipita, watu wanaenda vibaruani na wauza samaki na matenga yao nyuma, wengine wananipigia kengele ya kunitia moyo. Pumzi inakuja. Miguu nayo inazoea. Mwili sina wasiwasi nao kabisa, mwili utafundishwa na maafande wenyewe ndo kazi yao.

Wasiwasi wangu ni bibi.

Bibi ana kisukari, miaka mingi sasa, na kila asubuhi mimi ndo nampima. Advance nimesoma kutwa hapahapa mjini kwahiyo sijawahi kuiacha hii kazi hata siku moja. Mama anaondoka gizani kwenda kuuza chai na chapati, na chai ya stendi haimsubiri mtu, akirudi jua liko utosini. Kwahiyo kuanzia alfajiri mpaka saa sita mtu mzima wa nyumba hii nilikua mimi. Nampima bibi, naandika kwenye daftari, nampa vidonge vyake, nahakikisha amekula baada ya vidonge na sio chai tupu, naangalia miguu yake kama kuna kidonda maana mwenyewe anaweza kujikwaa asisikie. Sasa kazi hiyo inarithiwa na mdogo wangu wa kiume ambae yuko form two na zamu ya shule yao ni mchana, alhamdulillah kwa hilo.

Ndo tumekua tukifanya mazoezi. Nilidhani kumfundisha mtu kupima sukari ni kumuonyesha mashine tu. Siku ya kwanza kufanya mwenyewe nimesimama pembeni namuangalia, kamtoboa bibi kidole, kaweka tone kwenye stripu, mashine ikahesabu ikaleta 18. Akashtuka, akaniangalia macho yamemtoka, akataka kumpa bibi kidonge cha pili juu ya kile cha kawaida. Nikamshika mkono nikamuuliza, bibi alikua anafanya nini kabla hujaja? Akaangalia. Bibi alikua anamenya machungwa, yale ya Muheza, msimu wake ndo huu, vidole vinanata. Nikamwambia mnawishe kwa sabuni, umfute akauke kabisa, afu pima tena kidole kingine. Ikaja 8. Ile sukari nyingine yote ilikua ya chungwa juu ya ngozi. Hakusahau tena, sasa hivi kabla hajafungua hata kikopo cha stripu anasema bibi mikono, na bibi ananyoosha mikono yote miwili kwenye beseni.

Nimemfundisha pia atoboe pembeni ya ncha ya kidole, sio katikati, kwasababu katikati panauma zaidi na bibi anakitumia kidole hicho kushikia sindano ya kushonea. Na abadilishe vidole. Na kikopo cha stripu akifunge hapohapo, hewa ya huku kwetu ya bahari ina unyevu na zikipata unyevu zinaharibika, na stripu sio bei ya mchezo.

Kupanda kwa sukari ananielewa. Kushuka ndo nimekurudia sana mpaka akachoka na mimi. Nimemwambia ikisoma chini ya 4, au ukimuona bibi anatoka jasho bila sababu, anatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki au anakua mkali ghafla, usianze kutafuta mtu wa kuuliza, koroga vijiko vya chai vitatu vya sukari kwenye maji umpe anywe, subiri dakika 15 umpime tena. Na akiwa hawezi kumeza usimtie kitu mdomoni, ita jirani, bodaboda au bajaji yoyote, mumpeleke hospitali ya Bombo. Akaniuliza, dada, mtu ana ugonjwa wa sukari nimpe sukari? Swali zuri na ndo maana nilikua nalirudia. Nimemuandikia kwenye karatasi nimeibandika mlangoni kwa ndani.

Usiku nawaza sana. Mjomba juzi alikuja kuniaga na yeye alipita JKT enzi zao, Oljoro kule Arusha, wao walikaa mwaka mzima. Anaizungumzia kwa raha sana, kwamba ndo mara yake ya kwanza kulala na Msukuma kulia na Mmakonde kushoto. JKT yenyewe ilianza Julai 1963, na hii ya mujibu wa sheria ikasimamishwa 1994 mpaka ikarudi 2013, kwahiyo kati ya mjomba na sisi kuna kaka na dada wengi mno waliruka, mama mdogo ni mmoja wao na yeye anasema wazi kwamba ananionea wivu. Mjomba akakumbushia na ile habari ya 1966 tuliyosoma kwenye historia, wanafunzi wa chuo kikuu Dar waliandamana mwezi wa kumi kupinga kwenda jeshini na kukatwa mshahara, Mwalimu Nyerere akawatimua karibu 400, halafu na yeye mwenyewe akajikata mshahara wake asilimia 20. Mjomba anasema wale walikua wabinafsi, taifa limewasomesha hawataki kulitumikia. Mimi kwa upande mmoja nakubali, na kile cha Mwalimu kuanza na mfuko wake mwenyewe nakiheshimu mpaka leo. Ila nilimwambia mjomba, kwa adabu, kwamba nyuma ya wengi wao kulikua na nyumba iliyouza ng'ombe au shamba kumsomesha mmoja, na ule mshahara ulikua umeshapangiwa kazi na watu watano. Mtu anapoenda kulitumikia taifa kuna mtu nyumbani anaibeba kazi yake, na huyo haitwi jina kwenye orodha wala hapewi sare. Mjomba alifikiri, akasema, wakati niko Oljoro mama yako ndo alikua anachota maji yangu. Alikua hajawahi kulisema hilo mbele ya mama. Mama alikua jikoni na alisikia, maana sufuria zilitulia.

Mimi nataka kwenda. Naliandika hili ili lieleweke, mama alishaniambia kama hutaki tutafute namna, nikamwambia nataka. Nataka kupita Mikumi mchana nione wanyama dirishani, nataka kupanda mlima Kitonga, nataka kujua kama naweza kuamka na baridi ile na kukimbia. Nataka kulala hanga moja na mtu wa Ngara na mtu wa Mtwara kabla sijaenda chuo na kila mtu akajitafutia wa kwao.

Chuo nacho kina mambo yake. Matokeo yetu yatatoka tukiwa kambini, na maombi ya mkopo yanafunguliwa hukohuko, ndo maana tangazo linasema mtu aende na nyaraka zake zote. Nimekusanya vyeti kwenye bahasha ya plastiki. Cheti changu cha kuzaliwa kinahitaji kuhakikiwa RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, na cha kifo cha baba pia. Hicho nilikua sijawahi kukishika mkononi, mama anakiweka kwenye sanduku lake chini ya kanga. Alinipa kimekunjwa mara nne, nikakikunjua nikasoma jina lake na tarehe, nikaenda stationari kukiskani. Kijana wa pale alikua anaskani huku anaongea na simu na mimi nilimuomba akate simu kwanza. Akakata, akaniomba radhi.

Leo jioni nimemkabidhi mdogo wangu daftari rasmi. Nimepiga mistari mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, tarehe, saa, sukari, amekula nini, miguu ikoje. Aliuliza je, nikiwa na mtihani? Tumekubaliana na jirani wa mlango wa pili, yule mama nesi mstaafu, atakua anapita siku hizo, na mama Jumapili haendi kuuza kwahiyo Jumapili atapima yeye ili mdogo wangu alale. Bibi alikua anatusikiliza, akasema na mimi je, kazi yangu ipi? Nikamwambia bibi, kazi yako ni kusema ukweli ukila halua. Akasema hiyo ngumu, lakini nitajitahidi mjukuu wangu.

Kesho mdogo wangu anapima mwanzo mpaka mwisho na mimi sitakuwepo chumbani, nimemwambia nitakua nimeenda kukimbia na nikirudi nitaangalia daftari tu. Tiketi nimeshakata, gari linatoka Kange Ijumaa alfajiri.