DUKW yetu ya mwaka 1944 ilivyoacha kuvuja

Kila aliyesikia kwamba tunafufua DUKW, lori la jeshi linalotembea nchi kavu na kuelea majini, alinipa ushauri uleule: paka lami kwa ndani, jaza silikoni kwenye maungio, piga rangi, ingia majini. Ushauri huo unaniudhi mpaka leo, kwa sababu unaweza kuua watu. Lami inaficha kutu isionekane, na silikoni juu ya bati lililooza inashika siku ya kwanza tu. Tena, sehemu zinazovuja zaidi kwenye chombo hiki hazipakiki rangi.

DUKW ni lori la GMC, kampuni ya magari ya Marekani, lililovishwa bodi ya mashua. Ndani mna injini ya petroli ya silinda sita na magurudumu sita yanayovuta yote, na linabeba zaidi ya tani 2 za mzigo. Umbo lake la majini lilichorwa na Rod Stephens Jr., mtu wa mashua za mbio. Wakubwa wengi wa jeshi la Marekani walilidharau mpaka Desemba 1942, chombo cha walinzi wa pwani kilipokwama mchangani karibu na Provincetown, Massachusetts, katikati ya dhoruba. Boti za kawaida zilishindwa na mawimbi. DUKW ya majaribio iliyokuwa jirani ikaingia na kuwatoa watu saba. Baada ya hapo nani angebisha? Yaliundwa zaidi ya 21,000 kufikia 1945. Yalishusha mizigo Sicily Julai 1943 na Normandy Juni 1944, yakitoka ubavuni mwa meli hadi nchi kavu pasipo gati wala winchi.

Sasa tuje kwenye maji. Ekseli zote tatu ziko nje ya bodi, chini kabisa, na nguvu inatoka ndani. Maana yake shafti, yaani vyuma vinavyozunguka kupeleka nguvu hiyo, lazima zitoboe bodi, na kila tundu linazibwa kwa buti, yaani mfuko wa mpira uliobanwa kwa klipu. Ndipo unapoanza ukaguzi. Tarehe 1 Mei 1999, DUKW ya watalii iitwayo Miss Majestic ilizama Arkansas, Marekani, wakafa watu 13. Buti la shafti ya nyuma lilikuwa limechomoka, na turubai la juu likawanasa abiria chombo kilipokwenda chini. Wenzangu niliwasimulia habari hiyo kabla hatujashika hata spana.

Bodi yetu tuliipiga mchanga na kukata mabati yaliyooza, tukachomelea mapya. Bati lenyewe ni jembamba, milimita 2 hivi mahali pengi, kwa hiyo unachomelea vipande vifupi vifupi ukiruka huku na huku, la sivyo linajikunja. Halafu ikaja kazi niliyoingojea kwa hamu: kuyatafuta matundu yasiyoonekana kwa macho.

Mbinu hii niliipata Changamwe, Mombasa, kwa fundi aliyekuwa akichomelea matangi ya malori ya mafuta. Unakoroga unga wa chokaa na maji uwe kama uji mwepesi, unapaka nje juu ya kila mshono, unaacha ukauke uwe mweupe kabisa. Kisha unaingia ndani na kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, unaifuta mishono ileile. Mafuta ya taa yanapenya pale ambapo maji yenyewe yanasitasita. Nikatoka nje na tochi, nikalala chali chini ya bodi. Kwanza hakuna kitu. Baada ya muda, karibu na nguzo ya ekseli ya mbele, doa la manjano dogo kuliko punje ya mtama likajitokeza kwenye weupe, likatanuka taratibu. Kisha la pili, kisha mstari mzima kwenye mshono ambao kila mmoja wetu angeuapia kuwa mzima. Nikazungushia kila doa penseli. Mafuta ya taa yafutwe yote na bodi ipate hewa kabla hujarudisha moto wa kuchomelea, hilo usicheze nalo.

Mabuti ya mpira tuliyapima kwa maji. Nilipoomba mpira wa bustani, mzee mmoja wa kikundi chetu hapa kusini mwa Uingereza akauliza, "Unajaza maji ndani ili yasiingie?" Nikamwambia ndiyo, mzee wangu, maana yakiweza kutoka yataweza kuingia. Lita 1,000 ni tani moja, na lori hili linaibeba bila shida. Buti moja likaanza kudondosha matone, na klipu yake ilikuwa mpya! Tukabadilisha yote, mabuti na klipu. Bei ilikaribia bei ya gari dogo la mtumba, na sijutii hata senti.

Jambo jingine: pampu za kutoa maji zinazungushwa na shafti ya pangaboi linalosukuma chombo majini. Pangaboi lisipozunguka, hazivuti kitu, kwa hiyo tumeongeza pampu ya umeme yenye betri yake.

Tulipoliingiza ziwani, nilikaa na tochi juu ya mabuti, si pembeni ya dereva. Bodi ilikuwa kavu kwenda na kurudi. Sasa tunashughulikia mfumo wa kujaza na kupunguza upepo wa tairi kutoka kwenye kiti cha dereva, na turubai halitarudi juu lori likiwa majini, hata mvua inyeshe.