Siku yangu kwa matanki ya maji ya asidi, Industrial Area, Nairobi

Saa kumi na mbili unusu asubuhi nishapita geti. Mimi ni opareta wa maji machafu kwa kiwanda cha mabati. Watu hawajui kabla chuma ipakwe zinki lazima ioshwe kwa asidi itoe kutu, halafu isuuzwe, na hayo maji ya kusuuza ndo yanakuja kwangu yakiwa na asidi, chuma na zinki. Leo pH (kipimo cha asidi, 7 ndo katikati, chini yake ni asidi) ya tanki ya kupokea ni 2, inaonekana usiku walisukuma kazi.

Saa mbili tunaanza kuweka chokaa iliyokorogwa, pole pole. Kijana wa atachi, mwanafunzi amekuja kujifunza kazi, ananiuliza, "Madam, si tumwage mfuko mzima tumalizane?" Hapana. Zinki inashika vizuri ikigeuka tope pH ikiwa kama 9 hadi 10, ukipitisha 11 inaanza kuyeyuka tena inarudi kwa maji na macho hayataiona, na chokaa nayo haina haraka, hata ukifunga bomba mita bado inapanda, kwa hivyo unaweka, unangoja, unapima, unaweka tena.

Saa tatu tunawasha blowa ya kupuliza hewa kwa maji, na hapa ndo napenda kusimama. Maji yanakuwa kijani ya giza, hiyo ni chuma haijapata hewa ya kutosha, halafu ikipata inageuka rangi ya kutu kabisa. Kama kijani bado iko usizime. Nimemwacha kijana hapo aangalie hiyo rangi ikibadilika ju hakuna kitabu kitamfunza hivyo.

Saa nne chai na mandazi, haraka.

Tukirudi tunajaribu polima, dawa ya kushikanisha tope, kwa bika (glasi ya kupimia) kwanza, tuone ni kiasi gani inakusanya mabonge yashuke. Ikizidi tope inateleza na vitambaa vya presi, ile mashine ya kukamua tope, vinaziba.

Saa sita maji ya juu yametulia, unaona mpaka chini. Supavaiza wa prodakshoni anapita anasema, "Si hayo ni safi, fungulia." Namwambia boss, hiyo mita inasoma 9.3, na kanuni za ubora wa maji zinataka kati ya 6.5 na 8.5 ndo uachilie. Kwanza tope itoke, ndo tushushe pH na asidi kidogo, ukishusha tope ikiwa bado ndani zinki yote inayeyuka upya na kazi ya asubuhi imeenda. Sifungui. Mtaro wetu unaishia Mto Ngong, huo unapita Mukuru kwa milango ya watu, unaingia Mto Nairobi, unaenda Athi, huko chini unaitwa Sabaki mpaka baharini karibu na Malindi, na njiani kuna watu wanamwagilia sukuma na hayo maji. Zinki haiozi. Ikitoka kwangu itafika kwa mtu.

Mchana ni presi tu, kukamua tope iwe keki, kujaza mifuko na kuiweka chini ya paa mvua isiioshe, mpaka wenye leseni ya kubeba taka kama hizo waje. Sampuli ya zinki imeenda maabara, na yale maji tuliyoshusha yanasoma 7.8, sehemu kubwa inarudi kusuuza chuma.

Saa kumi na moja namkabidhi mzee wa zamu ya usiku kitabu. Namwambia tanki ya kwanza nimeiacha nusu ju watu wa laini ya prodakshoni watabadilisha maji ya kusuuza saa mbili usiku, na chokaa inaisha, storo waambiwe mapema.